Sauti ya Mgeni kwenye Simu Yangu

Mwaka niliokuwa narudia mtihani wa uhasibu, nilikuwa naangalia simu kila mara ili nijue kama mama yangu bado yuko hai. Nasema hivi waziwazi kwa sababu wengi wakisikia mtu ameanguka mtihani kwa ajili ya simu, hudhani ni mapenzi au vichekesho. Vichekesho vilikuwepo, sikatai. Lakini sivyo vilivyofungua mlango. Hofu ndiyo iliyoufungua, na upuuzi ukaingia nyuma yake.

Kwetu sisi Wakamba mama huitwa mwaitu, na hivyo ndivyo nilivyomwandika kwenye simu. Mwaitu alikuwa anauza vitunguu katika soko la Muthurwa, Nairobi, na kuishi Mukuru kwa Njenga, katika nyumba ya mabati niliyokulia. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Mowlem, ghorofa ya nne, karibu na ofisi nilikofanya kazi ya ukarani. Jioni nilisoma, na Jumamosi nilisoma kutwa. Mwaitu alikuwa na presha. Dawa alimeza alipokumbuka, na alikumbuka pale kichwa kilipoanza kumgonga.

Siku moja alianguka sokoni. Jina lake lilitokea kwenye kioo cha simu, nikapokea huku nikicheka, maana nilijua ataniuliza kama nimekula. Sauti ya mwanamume nisiyemjua ikasema, "Wewe ni nani wake mwenye simu hii?"

Baadaye niliacha hesabu nikaingia kazi ya kuandika habari, na nimesikia mengi ya kuogofya kwa watu niliowahoji. Sijasikia swali linalolizidi hilo. Yule mwanamume alikuwa msukuma mkokoteni, mtu mwema, aliyemmwagia Mwaitu maji kichwani kisha akatafuta namba aliyoipiga mwisho. Nilipofika Muthurwa nilimkuta Mwaitu ameketi juu ya gunia, anakunywa chai na kumgombeza mteja aliyekuwa akichaguachagua vitunguu. Yeye alipona siku hiyohiyo. Mimi sikupona.

Kuanzia hapo kila mtikisiko wa simu ulikuwa msukuma mkokoteni. Nilikuwa nikiketi na kitabu, nasoma mistari miwili juu ya mizania, halafu mkono unaondoka wenyewe. Naangalia. Hakuna simu kutoka kwa Mwaitu. Napumua. Kwa kuwa kioo tayari kinawaka, nafungua kundi la wapangaji wa ploti yetu, ambako daima kuna mtu ameweka picha: moto umewaka mahali fulani, gari limepinduka barabarani, mzee amepotea na alionekana mara ya mwisho amevaa sweta ya kijani. Nasoma yote, natafuta Muthurwa. Nikiikosa Muthurwa, moyo unatulia, na katika kule kutulia najikuta namtazama mwanamke wa nchi nisiyoijua akikaanga chapati. Nikiinua kichwa, jua limehama ukutani.

Mara ya kwanza nilianguka mtihani ule kwa alama chache. Chuo kilituruhusu kuurudia mara moja tu.

Nilijaribu njia zote ambazo watu hushauriana. Niliizika simu ndani ya mkebe wa unga, nikawa nachota unga mchana bila kupika. Niliacha kununua bando, nikagundua kwamba kioo kisicho na mtandao bado ni kioo, na bado kinaweza kuandika "Mwaitu" saa yoyote. Niliazima kabambe, ile simu ya vitufe, nikaweka namba ya Mwaitu peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Kwa vile haikuwa na kitu kingine cha kutazama, nilikuwa nampigia.

"Mwaitu, uko sawa?"

"Niko sawa. Kwani nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi mbona unapiga tena? Nina wateja hapa. Wewe unasoma ama unanichunga kama mbuzi?"

Aliyenipa wazo jipya alikuwa jirani wa chini. Alikuwa mwanamke mwenye asili ya Kisomali, aliyezaliwa Nairobi, mwenye duka la mashuka na mapazia ya jumla katika ghorofa ya chini ya ploti yetu. Mimi nilimwita Mama, kama wapangaji wote. Yeye aliniita abaayo, yaani dada kwa Kisomali, kama alivyowaita wasichana wote aliowapenda na wachache aliotaka kuwafukuza dukani. Nilikuwa napita kila siku mbele ya kaunta yake nikiwa nimeinamia simu, na Jumamosi moja aliniita.

"Abaayo, hebu njoo. Nimeuza pazia za nyumba nzima, na wewe umeingia na kutoka mara tatu. Wewe umesoma kurasa ngapi?"

"Hata mmoja sijamaliza, Mama."

"Simu yako inalia kama mtoto mchanga. Nipe mimi nimbebe."

Nilimweleza habari ya Mwaitu na presha. Hakucheka. Aliniambia niiache simu kwake, ndani ya droo aliyowekea mikasi na futi za kupimia. Tukakubaliana kwamba simu nyingine zote aziache zilie. Akiona jina la Mwaitu, apokee, asikilize kuna nini, na kama ni jambo la haraka aje kuniita. Kama si la haraka, nitapata habari nikishuka jioni.

"Kupanda bila sababu siwezi, magoti haya unayaona," alisema. "Kwa hiyo ukiona sijapanda, ujue mama yako anauza vitunguu. Wewe soma."

Ulikuwa mpango mzuri. Nilikubali papo hapo, nikaweka simu mkononi mwake, nikapanda ngazi mikono ikiwa mitupu, nikijisikia kama mtu aliyesahau mtoto mahali.

Nilidhani nitapumzika. Badala yake nikaanza kusikiliza ngazi.

Lazima nieleze kwa nini. Sisi tuliokulia mitaa ile tunajua kwamba habari ya kifo haiji na mtu mmoja. Simuni utaambiwa, "Anaumwa kidogo, njoo." Habari yenyewe inaletwa na watu wawili au watatu, wakubwa kwako, wenye nyuso zilizopigwa pasi. Hawasemi kwanza. Wanaomba maji. Wanauliza kama umekula, na kama hujala wanangoja ule, maana wanajua hutakula tena leo. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Nilikuwa nyumbani Mukuru, nasoma, siku wazee watatu wa kanisa walipobisha hodi. Mmoja wao akaketi akaniuliza mtihani ni lini. Nikamjibu vizuri kabisa. Nikamletea maji katika kikombe cha baba.

Kwa hiyo kule Mowlem nikawa fundi wa miguu ya watu. Niliwajua wapangaji wote wa ghorofa ya tatu na ya nne kwa viatu vyao. Yule wa benki alipanda akigusa reli kwa funguo. Mwanafunzi wa uuguzi alikimbia. Miguu ya mtu mmoja niliiruhusu ipite, nikarudi kwenye kitabu. Miguu ya watu wawili ilinisimamisha kalamu mpaka nisikie mlango mwingine ukifunguliwa. Lakini katikati ya vishindo hivyo nilisoma. Hilo nalishuhudia kwa haki. Jumamosi ya kwanza nilimaliza mada nzima. Ya pili nikafanya mitihani ya miaka iliyopita, na majibu yakapatana na ya nyuma ya kitabu. Mlio wa simu ulikuwa umenigawanya vipande. Ngazi, pamoja na hofu yake, ilikuwa kimya kwa muda mrefu zaidi.

Jambo moja sikulifanya. Niliwaambia wenzangu wa chuo kwamba simu yangu haipo nami Jumamosi. Nilimwambia mkubwa wangu wa kazi. Mwaitu sikumwambia, kwa sababu Mwaitu hakuwa mtu wa kupiga simu mchana. Mchana ulikuwa wa wateja. Na kama angepiga, nilijiambia, jirani angepokea. Sikufikiri hata mara moja jinsi sauti ya jirani itakavyoingia katika sikio la mama ambaye amempigia mwanawe.

Jumamosi ya tatu, alasiri, nilisikia mlango wa vyuma wa ngazi ukifunguliwa. Mlango huo hufungwa mchana kwa sababu ya wezi, na kila mpangaji ana ufunguo wake. Asiye na ufunguo humwita msimamizi wa ploti. Nikasikia viatu vyake vya mpira, ambavyo hufyonza sakafu kama mtu anayekula embe. Nyuma yake kulikuwa na miguu mizito, inayopanda ngazi moja na kupumzika, ngazi moja na kupumzika.

Kalamu ilianguka mezani. Miguu ile sikuwahi kuisikia juu ya ngazi zetu, lakini niliijua. Ilikuwa ya mtu mwenye magoti mabaya, aliyeniambia kwamba akipanda, kuna jambo. Na hakuwa peke yake.

Nakumbuka nilifanya nini kwa mpangilio, kwa kuwa hofu kubwa hufanya mambo yaonekane polepole. Nilisimama. Nilifunga kitabu, nikaweka kikokotoo juu yake. Nilikwenda mlangoni, na badala ya kufungua nikasukuma komeo. Wazo lililokuwa kichwani lilikuwa safi na la kitoto: nisipofungua, bado yuko hai. Kila dakika nitakayowaacha nje ni dakika Mwaitu anauza vitunguu.

Wakafika. Nikasikia jirani akihema.

"Hodi, abaayo."

Nilibaki nimeshika komeo.

"Hodi! Fungua, miguu inakufa."

Msimamizi akabisha kwa ufunguo. Alikuwa mtu wa mzaha hata pale pasipo na mzaha. "Dada, leo sijakuja kudai kodi. Fungua tu, kwa amani."

"Mko wangapi?" niliuliza.

Nje, funguo za msimamizi ziliacha kugongana.

"Tuko wawili," jirani akasema. "Kwani unataka umati?"

"Msiniulize kama nimekula," nilisema. Sauti yangu ilikuwa imepanda, siitambui. "Msiombe maji. Niambieni hapo mlipo. Yuko hai?"

"Nani?"

"Mwaitu!"

"Wallahi yuko hai! Yuko hai na amenitukana! Anataka nimwambie nimekuweka wapi. Fungua huu mlango kabla sijaanguka mimi."

Nilifungua. Jirani aliingia akakalia kitanda bila kukaribishwa, abaya yake ikiwa na vumbi la ukuta alioushika wakati wa kupanda, simu yangu mkononi. Msimamizi alibaki mlangoni. Jirani alieleza kilichotokea, na kadiri alivyoeleza ndivyo ile ahueni ya kusikia yuko hai ilivyoanza kunitoka.

Mwaitu alikuwa amepiga. Kwa nini siku hiyo, mchana, sikujua hadi baadaye: alikuwa ameota ndoto mbaya na ilikuwa imemsumbua tangu asubuhi. Jirani akapokea, kama tulivyokubaliana.

"Nikasema halo. Akasema, huyu ni nani? Nikamwambia, mimi ni jirani. Akasema, mtoto wangu yuko wapi? Nikasema, usijali, yupo, lakini hawezi kushika simu sasa."

"Ulisema hawezi kushika simu?"

"Si ndivyo ulivyoniagiza? Usiguse simu mpaka jioni. Nikasema hawezi kushika simu, mimi ndiye ninamshikia. Basi akapiga nduru. Abaayo, nduru hiyo, wateja wangu waliacha mapazia. Halafu akanitukana kwa Kikamba, nadhani ni matusi. Halafu ikakatika. Nimempigia na kumpigia, hapokei."

Nikamwona Mwaitu kwa macho ya moyo, amesimama katikati ya vitunguu, simu sikioni, sauti ya mgeni ikimwambia mtoto wake hawezi kushika simu. Nilijua hasa alichosikia. Nilikuwa nimekisikia mwenyewe siku ile ya msukuma mkokoteni. Nilikuwa nimemtengenezea mama yangu hofu yangu, ileile, kwa mikono yangu, na yeye ndiye aliyekuwa na presha.

Nilipiga. Simu iliita hadi ikachoka. Nilipiga tena. Muthurwa wanawake huficha simu kifuani, ndani ya sidiria, kwa sababu ya wanyakuzi. Mtu anayetembea kwa haraka hataisikia wala hataitoa. Nilijua hivyo, na kujua huko hakukunisaidia. Nilipiga namba ya mwanamke wa meza ya pili, anayeuza nyanya kando yake.

"Niaje, nani mwenzangu?" akajibu.

"Ni mimi, binti wa mama wa vitunguu."

"Wewe nani?"

"Binti yake."

"Ngoja. Si wewe ndiye umekufa?"

"Sijafa. Mwaitu yuko wapi?"

"Uuui! Hajafa jamani, anaongea!" aliwapigia kelele wengine, kisha akanirudia. "Mama yako ameondoka hapa mbio, ameacha kila kitu wazi, hata leso yake iko hapa. Anakuja huko kwako. Tulitaka mmoja wetu amsindikize, hakungoja. Lakini dada, alikuwa ameshika kifua. Nakwambia tu. Alikuwa ameshika hapa, kifuani."

Nilivaa viatu. Jirani alisimama kwa shida akashuka nasi, ngazi kwa ngazi, akiwa ameshika bega la msimamizi. Nilitaka kukimbia mbele.

"Hutaenda peke yako," alisema. "Hata kama tunakwenda polepole, hutaenda peke yako."

Chini, alimwambia mteja arudi kesho, akavuta mlango wa duka mchana kweupe. Tukatembea kuelekea kituo cha matatu, mimi katikati, jirani upande mmoja, msimamizi upande mwingine. Watu waliokuwa wameketi nje ya nyumba walitutazama na kunyamaza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua alisimama, povu mikononi. Hapo ndipo nilipoona tulivyoonekana. Nilikuwa natembea katikati ya watu wawili, wakubwa kwangu, na mtaa mzima ulikuwa unaisoma picha hiyo kama nilivyoizoea kuisoma mimi. Nikasimama njiani.

"Tembea," msimamizi aliniambia polepole. Mzaha ulikuwa umemwisha. "Usiwatazame. Tembea tu."

Tulisimama kituoni. Kila matatu iliyofika nilitazama mlango wake, wakashuka wanaume, wakashuka wanafunzi, akashuka mama na mtoto mgongoni. Simu nilikuwa nimeishika kwa mikono yote miwili. Nilitamani ilie na niliogopa ilie. Kama angekuwa ameanguka ndani ya gari, mtu angeitoa simu yake kifuani na kuangalia namba aliyoipiga mwisho, na namba hiyo ilikuwa yangu. Nilijiandaa kwa sauti ya mwanamume. Nilipanga hata nitakachojibu: mimi ni mtoto wake.

Akashuka. Alikuwa na ndara mguu mmoja, na mguu mwingine mtupu. Aliponiona hakukimbia, alisimama, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anavyokagua gunia. Kisha akaja akanipiga bega kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu.

"Mikono yako ina nini?" aliuliza.

"Haina kitu, Mwaitu."

"Mbona huwezi kushika simu?"

Kabla sijajibu aliketi chini, pale pale, juu ya tairi la mwenye kibanda cha kuziba pancha. Hakuchagua kuketi, miguu ilikataa. Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi, na upande mmoja wa shingo mshipa ulikuwa unapiga kwa namna niliyoweza kuiona nikiwa nimesimama.

Kemisti, duka la dawa, ilikuwa upande wa pili wa barabara. Tulimvusha, mimi na msimamizi, jirani akisimamisha magari kwa mkono. Mhudumu alimfunga Mwaitu mashine ya presha mkononi, ikavimba, ikalia. Aliitazama, akaifunga upya, akapima tena. Kisha hakunitazama mimi wala Mwaitu. Alimtazama jirani, mtu mzima asiye wa damu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mpelekeni hospitali. Sasa hivi. Asitembee."

Sitaeleza hospitali yote. Walimlaza kwenye kitanda chembamba chenye mfuko wa dawa juu yake, na muuguzi akasema tungoje ishuke taratibu, maana ikishuka ghafla nayo ni mbaya. Kwa hiyo tulingoja kitu ambacho kikichelewa kinaua na kikiharakishwa kinaua. Kila muuguzi alipokuja na mashine nilisimama. Kila alipoondoka nilimtazama usoni. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya msukuma mkokoteni sikuitoa. Aliyekuwa akinitisha alikuwa mbele yangu.

Jioni midomo yake ilirudiwa na rangi. Alifumbua macho akamwona jirani, aliyekataa kurudi dukani.

"Wewe ndiye uliyesema mtoto wangu hawezi kushika simu?"

"Ndimi."

"Una sauti ya polisi."

"Na wewe una sauti ya Muthurwa. Wateja wangu walidhani kuna mnada."

Mwaitu alicheka, muuguzi akamkataza kucheka. Jirani alipotoka kwenda kuswali, nilimweleza Mwaitu kila kitu: mkebe wa unga, kabambe, droo ya mikasi, ngazi. Nilimwambia kwamba sijasoma ukurasa hata mmoja tangu aanguke sokoni bila kumwona amekufa kati ya mistari. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Wewe unadhani simu ndiyo inanishika nisianguke?" alisema.

"Hapana."

"Siku nitakayoanguka, nitaanguka ukiwa na simu mkononi ama ukiwa huna. Hutaniwahi. Baba yako hatukumwahi." Alivuta pumzi. "Mimi naogopa pia. Unafikiri naogopa nini? Naogopa nianguke na wewe bado hujamaliza hiyo karatasi. Hicho tu."

Alikuwa amesema jambo nililokuwa nalikimbia kwa mwaka mzima, akalisema kwa sauti ileile anayotajia bei. Halikunifariji. Lakini lilikuwa limesemwa.

Walipomruhusu, nilimleta Mowlem akalala kitandani mwangu juma zima, na mwanamke wa nyanya akauza vitunguu kwa niaba yake. Simu niliirudisha kwenye droo ya jirani, safari hii Mwaitu akijua. Nilisoma nikiwa nimeegemeza mgongo kwenye kitanda, nikisikia pumzi zake nyuma ya kichwa changu. Zilipochelewa niliacha kusoma hadi ifuate nyingine. Kisha nikaendelea na mstari. Hivyo ndivyo nilivyomaliza kitabu, pumzi kwa pumzi, na siwezi kumshauri mtu njia hiyo.

Asubuhi ya mtihani aliamka kabla yangu, amevaa, kichwani kitambaa cha kanisani.

"Unakwenda wapi?"

"Si kule simu mnaacha getini? Nitakuwa hapo nje. Ukijiuliza niko wapi, jijibu: niko hapo nje. Andika."

Nilipinga. Nilitaja jua, nilitaja daktari. Alichukua mwavuli, chupa ya maji na dawa zake, akaniuliza kama hivyo vinanitosha ama nataka abebe na muuguzi.

Nilimwacha ukingoni mwa barabara, ng'ambo ya geti la chuo, ameketi juu ya kipande cha katoni alichopewa na muuza karanga. Ukumbi ulikuwa na madirisha ya juu, sikuweza kumwona. Swali la kwanza lilikuwa la mizania. Niliandika jina langu, nikajiambia yuko hapo nje. Katika swali la tatu nilimfikiria juani, nikasimamisha kalamu. Nikajiambia tena, nikaandika. Hofu haikuondoka. Iliketi tu mahali pamoja, nikajua ilipo, nikaweza kuipita.

Nilikuwa wa kwanza kutoka. Hakuwepo kwenye katoni. Nilitazama kulia na kushoto, nikamwona mbali kidogo, amehamia kivuli cha ukuta, ameegemea, kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi. Muuza karanga alikuwa ameondoka. Mwavuli ulikuwa umelala barabarani, upepo ukiusukuma. Sikumwita. Nilivuka barabara bila kutazama magari, dereva mmoja akanipigia honi na kunitukana, na Mwaitu hakushtuka kwa honi ile. Nilikuwa nimefika karibu vya kutosha kuona vumbi kwenye kope zake wakati mkono wake ulipoinuka, mzembe, mzito, ukafukuza nzi shavuni.

Niliketi chini kando yake. Alifumbua jicho moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Zote?"

"Zote, Mwaitu."

"Basi nishike mkono niinuke," alisema. "Mguu umekufa ganzi."